Msumeno wa Radiali: Je, Unafaa Karakana Yako ya Nyumbani?

Kabla hujauliza bei, jiulize kwanza karakana yako inakata nini. Swali hili huwapita wengi kwa sababu msumeno wa radiali unavutia macho. Una nguzo nene ya chuma nyuma ya meza, mkono mrefu uliotoka kwenye nguzo ukaja mbele juu ya meza, na mota inayoning'inia chini ya mkono huo ikiwa na diski ya meno ubavuni. Unalaza mbao mezani, unaiegemeza kwenye ukingo wa nyuma, unaivuta mota kuja kwako, na mbao imekatika. Mkono huzunguka kushoto na kulia kwa ajili ya pembe. Mota hulala kwa ajili ya mshazari, tena hugeuka robo mzunguko ili mbao isukumwe na kupasuliwa kwa urefu. Mashine moja, kazi zote, ndivyo muuzaji atakavyokwambia, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotekwa.

Asili yake inaeleza kwa nini mashine utakayoonyeshwa karibu kila mara itakuwa kuukuu. Raymond DeWalt alibuni msumeno huu mwaka 1922 akiwa anasimamia kiwanda cha mbao jimboni New Jersey, Marekani, na mwaka 1924 kampuni yake ikaanzishwa huko Leola, Pennsylvania, ili kuutengeneza. Mwanzoni ulikuwa chombo cha viwanda na maghala ya mbao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia uliingia kwenye gereji za nyumbani, na kwa miongo kadhaa ukawa mashine kubwa ya kwanza ya Wamarekani wengi waliopenda useremala; kampuni ya Sears ililiuzia soko hilo mamilioni ya misumeno yenye jina la Craftsman. Kisha zikaja maita za reli, yaani misumeno ya kukata pembe ambayo diski yake huteleza kwenye reli na ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba, zikachukua kazi ya kukata. Msumeno wa meza ukabaki na kazi ya kupasua, na msumeno wa radiali ukatoweka madukani taratibu. Bado unatengenezwa, na Original Saw ya Iowa na Maggi ya Italia kwa mfano, lakini ukubwa wake na bei yake ni vya kiwandani.

Kwa hiyo utanunua wa mkono wa pili. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, huenda ukaukuta umeshuka na kontena la vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza. Ukiwa Ohio au Ontario, utaukuta kwenye gereji ya mzee anayehama, naye atafurahi ukimwondolea. Bei yake huwa ndogo ukilinganisha na uzito wa chuma unachopewa. Usiamue kwa bei.

Kazi inayoufaa kweli ni moja: kukata mbao ndefu kwa kukingama. Chukua mbao ya mninga ya 2 kwa 8, urefu futi 12, bado ina unyevu. Kuisukuma mbao hiyo kwa ubavu juu ya msumeno wa meza kunachosha na kuna hatari, maana ncha zake zinaning'inia pande zote mbili na kukupotosha. Kwenye msumeno wa radiali mbao imelala tuli, kinachotembea ni diski. Mstari wako wa penseli uko juu, unauona, na unaona diski inapouingia. Mashine ya nyumbani yenye diski ya inchi 10 hukata upana wa inchi 12 hadi 15 hivi, na unene wa inchi 3. Ukifunga kipande cha mbao kwenye ukingo kiwe kizuizi, unakata miguu ishirini ya stuli ikawa na urefu mmoja bila kushika futikamba tena. Ukipandisha mkono kidogo, diski haifiki chini, na unaweza kuchimba mifereji ya kupokea rafu au kupunguza unene wa mbao mbili ili zikae moja juu ya nyingine kwenye kiungo. Mifereji hii ndiyo inayowafanya wenye mashine hizi wasikubali kuachana nazo, kwa sababu unaiona ikichimbika mbele ya macho yako. Kwenye msumeno wa meza inachimbwa chini ya mbao, huioni.

Kuhusu nafasi, hapa mashine inashinda kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Msumeno wa meza unataka uwe katikati ya chumba, na nafasi tupu mbele na nyuma yake. Msumeno wa radiali unakaa umeegemea ukuta. Kina chake ni mita moja hivi, lakini unahitaji meza ndefu kushoto na kulia ya kupokea mbao, na meza hizo ziwe usawa mmoja kabisa na meza ya mashine. Kibanda cha gari chenye ukuta wa mita 5 kinatosha. Ukuta ukiwa mfupi, weka mashine ili mstari wa ukingo wake uelekee kwenye mlango au dirisha, mbao ndefu ipitie hapo. Kumbuka pia kwamba haihamishwi kila jioni ili gari lipate nafasi. Mashine nzima pamoja na miguu yake inaweza kufika kilo 100, na kila ukiiburuta, vipimo vyake vinaweza kupotea.

Hapa Afrika Mashariki tuna jambo ambalo Mmarekani mwenye gereji yake hana haja ya kulifikiria: mashine ya mtaani. Karibu kila mji una mtu mwenye mashine ya kupasua na kuranda anayelipwa kwa kazi unayompelekea. Anayeijua Keko ya Dar es Salaam anajua ninachosema. Fundi wa nyumbani anaweza kupeleka mbao zake zote zikapasuliwa na kurandwa kwa safari moja, akarudi nazo kingo zikiwa sambamba. Kazi inayobaki nyumbani ni kukata, kuunga, kupiga msasa na vanishi. Kwa fundi wa namna hiyo, udhaifu mkubwa wa msumeno wa radiali, yaani kupasua, haumhusu. Hoja hii ndiyo inayonizuia nisiukatae moja kwa moja.

Lakini kama kazi yako ni makabati ya jikoni ya plaiwudi au MDF, achana nao leo hii. Karatasi ya futi 4 kwa 8 haikatiki hapo kwa upana wake, mkono haufiki. Msumeno wa duara wa mkononi ukiongozwa na ubao ulionyooka uliobanwa kwa klempu utafanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa gharama ndogo, na ukimaliza unautundika ukutani.

Sasa hatari yake, na hapa nakuomba usome polepole. Diski inazunguka kwa namna ambayo meno yaliyo upande wako yanashuka kuingia kwenye mbao, kisha yanaelekea nyuma kwenye ukingo. Faida yake ni kwamba mbao inagandamizwa chini na kusukumwa kwenye ukingo, kwa hiyo haichezi. Lakini meno hayo hayo yanataka kupanda juu ya mbao, na kwa kuwa mota iko huru kwenye reli yake, inajivuta yenyewe kuja kwako. Kwenye msonobari utahisi mvuto mdogo tu. Kwenye mkongo wenye fundo, au ukiwa na diski butu, mota inaweza kuruka mbele ghafla kabla hujajua kimetokea nini, kisha ikakwama katikati ya mbao. Kwa sababu hiyo kazi ya mkono wako hapa ni kuzuia kuliko kuvuta. Kaza mkono, kiwiko kisilegee, uiache diski ije kwa mwendo unaoutaka wewe. Mwili wako ukae pembeni, usisimame kwenye njia ya diski. Mkono unaoshikilia mbao uwe mbali na njia hiyo, angalau inchi 8, na usipitishe mkono mmoja juu ya mwingine hata mara moja. Kipande kikiwa kifupi kiasi kwamba vidole lazima visogee, kibane kwa klempu au kikate kwa msumeno wa mkono. Mkato ukiisha, rudisha mota nyuma kabisa ya ukingo kabla hujagusa mbao, hata kama una haraka.

Diski unayoifunga ina neno kubwa katika jambo hili. Diski nyingi zinazouzwa ni za kupasulia. Meno yake yameinamia mbele ili yaume mbao kwa pupa. Kwenye msumeno wa radiali, diski ya namna hiyo inaivuta mota kama ng'ombe aliyeona maji. Tafuta diski ya meno ya kabaidi ambayo meno yake yamesimama wima au yameinama nyuma kidogo, kati ya digrii 0 na digrii 5 hasi, na kwa inchi 10 iwe na meno 60 hivi. Muuzaji asipokuelewa, mwombe akuonyeshe diski ya maita ya reli, kwa kuwa nyingi zimeundwa hivyo. Pima na tundu la katikati: mashine za Kimarekani hutumia ekseli ya inchi 5/8, ilhali diski nyingi za soko la Ulaya zina tundu la milimita 30. Ringi ya kupunguzia tundu iwe ya saizi kamili na ikae bila kucheza. Usiifunge diski inayoyumba.

Kupasua kwa mashine hii kunawezekana, na wapo mafundi wazuri waliofanya hivyo maisha yao yote. Ushauri wangu ni kwamba usifanye. Mota ikishageuzwa, lazima mbao isukumwe kukabiliana na mzunguko wa diski, na upande huo meno yanapanda juu, yanaiinua mbao kutoka mezani. Ndiyo maana pua ya kinga hushushwa ikakaribia kuigusa mbao, na upande wa kutokea kuna kucha za chuma za kuizuia isirudishwe nyuma. Kucha hizo mara nyingi zimeshapotea kwenye mashine kuukuu. Na ukikosea upande, ukaingiza mbao upande wa kutokea, diski itaikamata na kuirusha mbele kama mkuki, na kama mkono wako umeishika, utavutwa nayo. Mbao zetu nyingi huuzwa zikiwa mbichi na zenye mkazo ndani yake. Zikipasuliwa hujikunja na kuibana diski. Peleka kwenye mashine ya mtaani.

Sasa umefika kwa muuzaji. Anza na kinga. Mashine nyingi za zamani zina kinga inayofunika nusu ya juu tu ya diski, na meno ya chini yako wazi. Mwaka 2000 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, pamoja na kampuni ya Emerson, ilitangaza marekebisho ya misumeno ya Craftsman ipatayo milioni 3.7 iliyotengenezwa na kampuni hiyo, kwa sababu hiyo hasa. Wenye nayo walipewa kinga mpya, na kwa mashine ambazo hazikuwa na kinga ya kuzifaa walilipwa dola 100 wakirudisha sehemu ya mota. Ukiona Craftsman ambayo namba yake ya modeli inaanza na 113, angalia kama ilishafungwa kinga ya pili inayoshuka pande mbili za diski. Kama haikufungwa, hesabu gharama ya kuipata, au ondoka.

Kisha jaribu ugumu wa mkono. Hakikisha umeme umechomolewa. Funga mkono kwenye digrii 0, ambapo diski inakata mraba, kaza leva zote, halafu shika ncha ya mbele ya mkono na uisukume kushoto na kulia kwa nguvu ya kawaida. Kwenye mashine nzuri utahisi inapinga, kisha inarudi palepale. Kwenye mashine mbovu utasikia mlio wa chuma kwenye nguzo na ncha itabaki ilikosukumiwa. Kumbuka kwamba mkono huu umeshikwa upande mmoja tu. Ulegevu mdogo kwenye nguzo unakuwa mkubwa unapofika mbele. Mashine za miongo ya mwanzo zenye mkono wa chuma cha kumimina kwa kawaida ni ngumu kuliko zile nyepesi za baadaye. Baada ya hapo vuta mota mwanzo hadi mwisho wa reli. Beringi zipite laini, bila mahali pa kukwama wala pa kuchezacheza. Zikicheza, uliza kama zinaweza kukazwa. Nyingi zina nati ya kurekebisha. Reli ikiwa imelika, hakuna dawa rahisi.

Jaribio la mwisho linahitaji umeme na kipande cha ubao wenye kingo sambamba, upana wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo nenda nacho. Ukate katikati. Kilaze kipande kimoja, kingine kipindue chini juu, kisha vikutanishe pale ulipokata huku kingo zake zikiegemea kitu kilichonyooka. Vikishikana toka mwanzo hadi mwisho, mashine inakata mraba. Mwanya ukionekana, ujue unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Mwanya peke yake usikutishe, kwa kuwa mraba hurekebishwa. Rudia jaribio mara tatu. Mwanya ukiwa uleule kila mara, nunua. Ukibadilika kila ukikata, mkono umelegea na hutaupata mraba kamwe. Angalia pia uso uliokatwa: ukiona upande mmoja umechanika na michirizi ya duara imeungua, diski haiko sambamba na reli yake, na hilo nalo hurekebishwa.

Umeme ndio uliowaponza wengi waliotumiwa mashine na ndugu zao walioko Marekani. Soma kibati cha mota. Ikiandikwa volti 115 pekee na hezi 60, utahitaji transfoma kubwa, na transfoma inashusha volti tu, haigusi hezi. Mota ya mzunguko 3,450 kwa dakika kwenye hezi 60 itazunguka kama 2,875 kwenye hezi 50 za kwetu, na itapata joto zaidi. Baadhi huandikwa 115/230. Hizo zinaweza kuunganishwa upya kwa volti 230, lakini tatizo la hezi linabaki kama kibati hakitaji 50. Mashine iliyotoka Uingereza haina shida hiyo, mradi si ya fezi tatu. Nyumba nyingi zina fezi moja, kwa hiyo ya fezi tatu itakudai inveta ya viwandani au laini mpya. Kwa hali yoyote mwite fundi umeme aivutie mashine waya wake peke yake. Mota hizi huvuta umeme mwingi zinapoanza, na ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itaungua.

Ukishaifikisha nyumbani, toa meza ya zamani utupe. Tengeneza mpya ya MDF ya milimita 25, iwe sambamba na mkono kila mahali mkono unapopita, halafu juu yake pigilia plaiwudi ya milimita 6 ambayo diski itaichana. Ikichakaa unabandua na kuweka nyingine. Ukingo wa nyuma uwe wa mbao laini iliyonyooka, nao ni wa kubadilishwa. Mbao iliyopinda iweke tumbo lake likigusa ukingo pale diski inapopita. Ukiiweka kinyume, vipande vitafungana na kuibana diski mkato unapokaribia kuisha. Vumbi hurushwa nyuma, kwa hiyo jenga sanduku nyuma ya ukingo la kulikusanya, na vaa barakoa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, usilichukulie kirahisi, hasa kama watoto wanacheza karibu.

Halafu uache mkono kwenye digrii 0. Kila unapouzungusha kwenda 45 na kuurudisha, unahatarisha mraba ulioutafuta kwa saa nzima. Pembe unaweza kuzipata kwa kuiacha mashine ilivyo na kuiegemeza mbao kwenye kabari ya digrii 45 iliyofungwa mezani. Mwenye kutaka pembe za fremu za picha kila siku hahitaji mashine hii, anahitaji maita.

Nikiulizwa, nitasema nunua endapo unakata mbao nzito na pana mara kwa mara, una ukuta usiohamishwa, una mahali pa kupasulia nje ya nyumba, na mashine imefaulu majaribio yale ya mkono, reli na mkato mbele yako. Sharti moja likikosekana, chukua maita ya reli pamoja na msumeno wa duara wa mkononi. Ukiichoka maita, utampata mnunuzi haraka. Msumeno wa radiali wa kilo 100 unaweza kukaa uani miaka mingi bila mtu kuuulizia.